Tui Katika Difu

Fundi Likungwa hakusema neno.
Alilala chali chini ya gari, miguu nje,
ndala moja imetobolewa na cheche,
akalegeza boliti ya difu la nyuma
na kilichotoka hakikuwa oili.
Kilikuwa tui.
Tui la kwanza, zito, jeupe lenye kijivu,
likajaa kwenye karai
na ndani yake vikimetameta
vijipande vya chuma, vidogo kama magamba ya dagaa.

"Ulivuka wapi?"

Nikamwambia korongo la pili, ukitoka Kimambi.
"Maji yalifika wapi?"
Nikamwonyesha kwa mkono: hapa, kwenye kitasa.
Nilipunguza kidogo. Yalifika kwenye kioo.

Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili,
wingu limekaa juu ya Liwale kama mdai mlangoni,
na magunia yetu kumi na manne ya korosho
yamelala shambani kwa shemeji Mchopa
chini ya turubai lenye matundu.
Korosho ikilowa hushuka daraja,
ikishuka daraja mnunuzi hukutazama kama uliyemwibia.
Kwa hiyo nilikwenda.
Hilo silijutii.
Ninachojutia ni mbwembwe.

Maana palikuwa na njia ya juu,
ya mzunguko, saa mbili na nusu, kavu.
Lakini pale korongoni vijana wawili na baiskeli zao
walikuwa wakingoja maji yapungue,
na mmoja akasema, "Hii forwili. Hii haiulizi."
Haiulizi!
Nikavuta ile gia fupi, magurudumu manne yakashikana,
nikaingia majini kama bwana harusi.

Tulitoka. Nisiseme uongo, tulitoka vizuri,
vijana wakapiga makofi,
maji yakichuruzika kwenye kila tundu la gari.
Sikushuka kukagua. Gia fupi sikuirudisha.
Kilomita kwa kilomita za changarawe ngumu,
magunia kumi na manne mgongoni,
ekseli ya mbele na ya nyuma zikivutana
kama warithi wa shamba moja.

Nililisikia.
Niandike hili kwa mkono wangu mwenyewe: nililisikia.
Kwanza mlio mwembamba, mbu ndani ya chandarua,
kisha kok, kok, chini ya kiti changu,
kila nikiachia mafuta.
Nikaongeza sauti ya redio.
Nao mlio ukaongeza yake.

Likungwa alijipangusa kwa tambara,
akahesabu kwa vidole vyeusi:
krauni na piniani, beringi nne,
krosi mbili za propela,
na transfa. Hapo akanyamaza,
kama daktari anayetafuta kwa macho
jamaa aliye mkubwa kuliko mimi.
Spea zitatoka Dar.
Nachingwea nzima hana hata mmoja.
Nikaigeuza bei kuwa magunia,
ndiyo hesabu pekee iliyoniingia kichwani.
Magunia kumi na moja.

Somoe, mke wangu, hakupiga kelele.
Aliuliza tu:
"Njia ya juu ilikuwa imefungwa?"
Nikatazama karai.

Gari linatembea sasa. Linanung'unika kwenye kona,
fundi anasema ndiyo uzee, nimzoee.
Ile krauni mbovu, iliyong'oka meno matatu,
Somoe ameiweka juu ya mfuniko wa pipa la maji
mbuzi wasifunue.
Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso,
sharti niinyanyue kwa mikono miwili.
Nzito hiyo.
Nikiirudisha polepole, nikiirudisha kwa adabu,
bado inagonga bati:
kok.